Shangazi, Ulijua Kuwa Maji ya Huku Yana Chumvi

Shikamoo, Shangazi.

Salamu ni haki yako, nami naitoa, ingawa moyo wangu haujatulia. Mzee wa kanisa aliyeshuka huku bondeni wiki iliyopita amenifikishia ujumbe wako. Amesema mkono wako wa kulia umekufa ganzi tangu mvua zianze, hauwezi tena kuzungusha mti kwenye pipa, na kwamba unataka nirudi Mpemba nichukue kazi ya sabuni iwe yangu. Aliyasema hayo kwa upole, kisha akanitazama kama anayengoja kuona chozi. Hakuliona. Nilimpa maji ya kunywa, nikamsindikiza mpaka kwenye pikipiki, nikarudi ndani kutafuta karatasi.

Naiandika barua hii wazi. Nimeomba isomwe kwenye kikundi chako cha sabuni cha Mpemba na kwenye kikundi changu huku Momba, kwa sababu maneno uliyoyasema juu yangu nawe uliyasema wazi. Uliwaambia majirani kwamba Esnati kashindwa sabuni kwa uvivu, kwamba joto la bondeni limempumbaza, kwamba kaolewa na ng'ombe. Hilo la ng'ombe nililicheka, maana mume wangu ni Msukuma mfugaji, na sisi na Wasukuma tumeshazoea kutaniana. Yale mengine yamenikaa kooni mpaka leo. Na simu zangu hupokei, kwa hiyo nisikilize hivi hivi.

Nianze na mazuri, usije ukasema nimesahau.

Nilikuja kwako nina miaka kumi na mmoja. Baba, ambaye ni kaka yako, alinileta kutoka Iyula na gunia la mahindi na kuku mmoja aliyefungwa miguu, akasema nisome huko kwako kwa kuwa shule ilikuwa karibu na wewe hukuwa na mtoto. Ulinipokea barabarani. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani kama kawaida yake, na wewe ulikuwa umesimama kati ya mawili, umebeba chupa za sabuni kwenye beseni, unabishana na dereva wa Zambia. Alipochukua chupa yake alikushukuru kwa lugha yao, "Natotela, mayo," ukamjibu kwa Kibemba kirefu ambacho sikukielewa, akacheka mpaka akapiga usukani. Nikajiambia, huyu shangazi yangu si mtu wa kawaida.

Wiki ile ile ulinishikisha mti wa kukorogea. Pipa lilikuwa refu kuliko kifua changu, ukanipandisha juu ya kreti ya soda. Ukanionyesha: kwanza ile ndoo ya uji mweupe unaoteleza, ambao wewe ulikuwa unauita uji wa sabuni. Kisha slesi, ile rojo nzito inayoleta povu, unaiyeyusha pembeni na maji kidogo ndipo unaimimina. Kisha rangi na harufu ya limau. Na kukoroga ni upande mmoja tu, kulia, kulia, kulia.

"Usirudishe nyuma!" ulinikaripia. "Ukirudisha nyuma sabuni inasahau ilikokuwa inakwenda."

Niliamini hivyo kwa miaka mingi. Mpaka leo nikikoroga uji wa watoto nazungusha kulia, mume wangu ananicheka.

Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa chumvi. Ulikuwa unaiyeyusha kwenye kikombe, unanipa, unaniambia nimimine kidogo kidogo huku wewe ukikoroga. Pipa zima lilikuwa jepesi, linabubujika kama maji ya kuoshea vyombo. Namimina, hakuna kitu. Namimina tena, hakuna. Halafu ghafla mti unakuwa mzito mkononi mwako, sabuni inajikusanya, inashuka kwenye mti kwa uvivu kama asali. Hapo ulikuwa unapaza sauti, "Acha! Acha hapo hapo!" Siku moja nilimwaga kikombe chote kwa ujinga wa mtoto, na sabuni iliyokuwa imeshaiva ikawa maji mbele ya macho yetu. Nilidhani utanipiga. Ulikaa kwenye kreti ukasema, "Umeona sasa. Chumvi inapandisha, na ikizidi inashusha. Na ikishashuka haipandi tena." Ukanikumbatia. Mikono yako ilikuwa inanuka limau.

Nimekaa kwako miaka minane. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa kwako. Nilipata malaria ukanibeba mgongoni mpaka zahanati, msichana mzima wa miaka kumi na sita, watu wanatushangaa. Mume wako alipovuka mpaka na lori lake akaoa upande wa pili asirudi, mimi ndiye niliyekaa na wewe sebuleni siku zote zile ulipokuwa huongei. Nilikuwa nakupikia, huli. Nikakukorogea pipa peke yangu, nikalimaliza, nikakuita uje uone. Ulitoka, ukachovya kidole, ukasema neno la kwanza baada ya siku nne: "Umeweza." Shangazi, mimi sijawahi kupewa cheti kikubwa kuliko hicho.

Ndiyo maana nasema kikulacho ki nguoni mwako. Angenifanyia mtu baki, ningeshasahau.

Katika miaka yote minane, ule uji wa sabuni sikuwahi kuuona ukitengenezwa. Nikiamka nilikuwa naukuta tayari, umefunikwa kwa mfuniko wa plastiki kwenye chumba chako cha nyuma. Niliwahi kukuuliza unatoka wapi. Ulinijibu, "Unatoka dukani hivyo hivyo, Tunduma mjini." Sikuwa na sababu ya kutokuamini. Mtoto anaulizaje mara mbili kitu alichokwisha kujibiwa na mkubwa?

Kisha akaja Masanja. Alikuwa anapitisha ng'ombe wa baba yake kwenda mnadani, akaishiwa sabuni ya kufulia, akanunua chupa moja kwako. Kesho yake akanunua nyingine. Siku ya tatu ulimwambia mbele yangu, "Wewe kijana, huko kwenu mnafua ng'ombe?" Alicheka, na mimi nikacheka, na wewe hukucheka. Mwaka haukuisha, wazee wakakaa, baba akakubali, nikawa wa kwenda Momba, karibu na Ivuna, mwendo wa siku nzima kutoka kwako.

Ulikuja kwenye harusi. Nakumbuka ulivyonawa mikono kabla ya kula, kwa maji ya kisima cha pale nyumbani kwa wakwe. Sabuni haikutoa povu. Ukachota maji kwa kiganja, ukayaonja, ukayatema, ukatabasamu. Wakwe walidhani unawatania, wakakutania nao, mama mkwe akasema huku tunaishi kwenye chumvi kama samaki wa kukausha. Watu wote wakacheka. Sasa nalijua tabasamu lile lilikuwa la nini.

Kabla ya hapo, siku ya kuondoka Mpemba, nilikaa na daftari langu nikaandika hatua zote ili nisisahau. Nikakusomea kwa sauti. Nilipofika kwenye uji wa sabuni nikakuuliza nitaupata wapi kule mbali. Ukaingia chumba cha nyuma, ukatoka na pakiti nne za unga mweupe. Ulisema, "Huu ndio wenyewe ukiwa mkavu. Weka maji kwenye pipa, tia unga, tia slesi, changanya vyote pamoja." Nikaandika hivyo hivyo. Nikakusomea tena. Ukatikisa kichwa, ukasema, "Sawasawa."

Ile sawasawa yako ndiyo ninayoileta mbele ya watu leo.

Unajua kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nilifika huku siijui lugha ya wakwe, siwezi kukamua ng'ombe, wanaponiamkia kwa Kisukuma nabaki nimetoa macho. Kitu kimoja tu nilichokuwa nacho kilikuwa sabuni. Wanawake wa kijiji walikuwa wanachemsha chumvi. Wanakusanya udongo wenye chumvi, wanauchuja kwa maji kwenye chungu chenye matundu, yale maji yanayodondoka wanayapika kutwa nzima mpaka yakauke. Moshi unawaharibu macho, miguu inapasuka. Niliwaambia ninaijua kazi nyingine nyepesi zaidi. Zahanati ilikuwa inataka sabuni ya kunawia, shule nayo vilevile. Wanawake saba wakaacha majungu ya chumvi msimu mzima ili wanifuate mimi, msichana wa juzi. Mkubwa wao alikuwa Mama Sofia, mpika chumvi tangu utotoni, mama wa maneno machache na yote makali.

Hapo nikafanya kosa langu, nami nalikiri kuwa ni langu. Niliyaonja maji ya kisima nikafurahi. Nilijiambia, sabuni si inataka chumvi? Na maji haya si yana chumvi tayari? Basi Mungu amenikatia hatua moja. Niliwaambia na wenzangu, wakaona nina akili. Hakuna mtu wa Mpemba ambaye angefanya kosa hilo, kwa sababu maji ya Mpemba hayana cha kukudanganya. Ni sisi wa huku tu tunaoweza kuyaona maji ya chumvi tukasema tumebarikiwa.

Tuliweka maji kwenye pipa, tukatia unga. Ukaelea. Ukajikunja mabuje mabuje, ukiyapasua unakuta ndani ni makavu, kama ugali uliopikwa na mtu mwenye haraka. Tukatia slesi, tukakoroga kulia, kulia, kulia, wanawake wanane tukipokezana. Ikabaki maji yenye povu na mabuje. Nikakupigia simu. Wakati ule ulikuwa unapokea.

"Korogeni zaidi," ulisema.

Tukakoroga zaidi. Nikakupigia tena.

"Ongeza unga mara mbili. Na slesi mara mbili. Labda mkono wako umelegea tangu uolewe." Ukacheka kidogo, kisha ukashusha sauti. "Lakini mwanangu, kama kunakushinda, nyumbani ni nyumbani."

Nililia baada ya simu ile kwa jinsi nilivyoona unanipenda.

Tukafanya ulivyosema. Ile mara mbili ilifanya kazi, Shangazi, na hilo ndilo lililoniponza. Sabuni ilikuwa nzito. Haikuwa nyororo kama yako, lakini ilikuwa nzito, tukapiga vigelegele, tukajaza madumu, tukayapeleka zahanati sisi wenyewe tukiwa tumevaa kanga za sare. Muuguzi alitupongeza mbele ya kina mama waliokuwa kliniki. Siku ya tatu akatuma mtu kuniita. Nilikuta madumu yamepangwa nje kwenye jua, yamefunguliwa. Kila dumu lilikuwa limejigawa. Juu rojo lenye mawingu, limeganda kama mtindi ulioharibika; chini maji matupu, meupe peee, unaona mpaka kitako cha dumu. Ukitikisa yanachanganyika, ukiweka chini yanaachana tena. Kina mama walikuwa kwenye foleni ile ile ya kliniki, wanatazama. Mmoja aliuliza kwa sauti, "Hii ndiyo sabuni ya Mpemba?" Muuguzi hakunigombeza. Alisema tu tuyaondoe.

Yalimwagwa nyuma ya choo cha zahanati. Wanawake watano wakarudi kwenye majungu ya chumvi wiki ile ile, katikati ya msimu, sehemu nzuri za udongo zimeshachukuliwa na wengine. Watoto wakaanza kuniita Mama Maji. Mama mkwe, ambaye hajawahi kunivunjia heshima, aliniuliza kwa upole, "Ng'wanone, mwanangu, hivi shangazi yako alikufundisha kweli, au ulikuwa unamtazama tu?" Nikakutetea. Nilimwambia shangazi yangu ndiye fundi wa sabuni kuliko wote barabara nzima ya Tunduma, kosa ni langu, mkono wangu ndio mbovu. Nilikutetea kwa nguvu zote mpaka sauti ikanikauka.

Usilolijua ni usiku wa giza. Nilikaa kwenye giza hilo miezi mitano.

Aliyenitoa ni Mama Sofia, na alinitoa kwa maharage. Huku kwetu kila nyumba ina dumu lake la maji ya maharage. Ni maji ya mvua yaliyokingwa batini, au ya mtoni wakati wa kiangazi, na hayaguswi kwa kazi nyingine, maana maharage ukiyapika kwa maji ya kisima hayaivi. Utachoma mzigo mzima wa kuni, yatabaki yanagonga meno. Mimi nilijifunza hilo wiki ya kwanza ya ndoa, kwa aibu, nami nimelishika. Siku hiyo alinikuta nachagua maharage jikoni, pakiti ya mwisho ya unga wako iko kwenye kabati, na mimi nimenuna. Akaichukua pakiti, akaminya.

"Huu ndio ule unga uliotutia aibu?"

"Ndio huu, mama."

"Umetokana na nini?"

Nikamwambia kwamba muuza duka wa Tunduma, anayeniuzia slesi, aliwahi kusema ni nyuzi za miti na pamba zilizosagwa na kutengenezwa kiwandani.

"Kumbe ni kitu cha shambani." Akanitazama kama anayemtazama mtu asiyejua kuvaa viatu. "Sasa wewe, maharage umeyawekea maji ya maharage, halafu unga wa watu ukaupa maji ya kisima. Ulitaka uive na nini?"

Niliweka ungo chini. Tukachukua bakuli, tukatia maji ya mvua, nikanyunyiza unga kidogo kidogo huku nikikoroga, tukafunika. Kesho yake asubuhi tulipofunua, ulikuwa uji. Mweupe, mzito, unateleza kwenye vidole kama mlenda. Shangazi, nikaunusa. Nikaurudisha kwenye bakuli. Niliutambua. Ulikuwa ule ule wa chumba chako cha nyuma.

Tukaendelea. Slesi tukaiyeyusha kwa maji ya mvua, tukaiunganisha na uji. Ya chumvi tukayaacha mwisho kabisa, na wala hatukutia chumvi kavu. Tulichota maji yale yale ya kisima, kikombe kwa kikombe, mimi nikikoroga, Mama Sofia akimimina. Kikombe cha tano mti ukawa mzito mkononi mwangu. Nikapiga kelele, "Acha hapo hapo!" Mama Sofia akaruka, akadhani nimeungua. Sabuni ile tuliitazama wiki tatu. Haikuachana.

Muuza duka nilipomweleza alinifafanulia kwa maneno mepesi. Ule unga ukikutana na maji matamu unajikunjua, unayanywa, unavimba. Chumvi ikitangulia, unabaki umejikunja, na hata ukiloweshwa hauna nguvu ya kuishika slesi. Na slesi yenyewe chumvi kidogo inaikusanya, nyingi inaitawanya, mwisho inakataa kukaa na maji nyumba moja. Anayetangulia ni nani na anayefuata ni nani, hiyo ndiyo kazi yote. Nasema haya kwa kirefu ili kina mama wa Mpemba wanaofundishwa nawe wayasikie na wao, kwa kuwa sijui umewaambia nini.

Sasa tufike siku ile.

Nilikuja Mpemba na chupa moja ya sabuni nimeifunga kwenye kitenge. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Akilini mwangu na wewe ulikuwa hujui. Nilijiambia Shangazi hajawahi kuishi penye maji ya chumvi, angejuaje, sasa nakwenda kumfundisha aliyenifundisha. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikukuta uani, nikakuamkia, ukaitikia marahaba, nikakupa chupa bila kusema chochote kwa sababu nilitaka uione kwanza. Ukaiinua kwenye mwanga. Ukaipindua, ukaangalia jinsi inavyoshuka.

Kisha ukauliza, "Nani kakwambia uloweke kwanza?"

Sikuwa nimetaja kuloweka, Shangazi. Zaidi ya salamu nilikuwa sijafungua mdomo.

Uliona uso wangu, ukajua umejikamata mwenyewe. Ulikaa kwenye kreti. Nilikuuliza mara moja tu, kama ulijua tangu siku ya daftari. Ungeweza kukana, na mimi, kwa jinsi ninavyokupenda, ningekubali kudanganywa tena. Hukukana. Ulisema, "Nilijua. Nilijua na maji ya kule. Nilisema sabuni ikikushinda, utarudi. Nilihesabu miezi miwili, mitatu." Halafu ukasema, kana kwamba ndilo lililobaki kusemwa, "Nimepika. Karibu ule."

Sikula. Nilichukua kitenge changu nikatoka. Nilisimama barabarani kati ya malori nikiwa sioni vizuri, dereva mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Nimejaribu kukuelewa. Wallahi nimejaribu, hata Masanja amenisaidia kukutetea, yeye uliyemwita ng'ombe. Anasema mtu aliyeachwa na mume barabarani anaogopa kila anayeishika barabara. Anasema hukutaka niteseke, ulitaka tu nisifike mbali. Nakubali. Lakini wale wanawake watano walikukosea nini? Macho yao yaliyorudi kwenye moshi, uliyahesabu kwenye miezi yako miwili, mitatu? Uliponiambia niongeze unga mara mbili, ulijua itashika siku mbili tu kisha itaachana. Ulijua itaniaibisha mbele ya watu, na aibu ndiyo uliyoitegemea initoe huku. Mimi nikilia baada ya simu yako, wewe ulikuwa unangoja. Hilo silimezi. Nimelitia maji ya mvua, nimelitia ya kisima, halimezeki.

Na bado baada ya hayo ukawaambia watu mimi ni mvivu.

Jibu la ujumbe wako ni hili. Sirudi Mpemba kuchukua kazi. Nina watoto wawili huku, nina mume, na wale wanawake wamerejea wote saba. Ilichukua mwaka mzima kuwarejesha, na Mama Sofia ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuniombea. Zahanati inatumia sabuni yetu. Kilichokuwa kimepotea nimekipata kwa jasho langu, siwezi kukiacha ili nije kukaa karibu na wewe kama ulivyopanga.

Ila Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu nitakuja, kwa siku tatu. Nitakukanda mkono kwa maji ya moto kama ulivyokuwa unanikanda miguu. Nitakufulia. Na nitaloweka unga uani, mchana kweupe, kina mama wa kikundi chako wote wakiwa wamenizunguka, kila mmoja atie mkono wake aone jinsi unavyovimba. Usinizuie. Mficha uchi hazai, Shangazi, na wewe umeuficha ule uji mpaka mkono umekufa ganzi na hakuna hata mmoja uani kwako anayeweza kulijaza pipa.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu, hata Masanja atalisikia hapa kwa mara ya kwanza, naye anisamehe.

Siku ile ya kuondoka nilifunga begi, nikalifungua, nikalifunga tena. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Masanja nilikuwa namjua kwa chupa tatu za sabuni na maneno matamu, na Momba nilikuwa sijawahi kuiona. Nilipokusomea daftari mara ya pili haikuwa kwa sababu nilikuwa sijaelewa. Nilikuwa nakupa nafasi. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba Shangazi akisema neno moja tu, akisema usiende, nalirudisha begi chini ya kitanda na baba atawajibu wazee mwenyewe.

Hukuniomba nibaki, Shangazi. Ungeniomba, ningebaki.

Pona mkono. Tutaonana Jumamosi hiyo, Mungu akipenda.

Mimi, mtoto wa kaka yako,
Esnati